UZI: Kima cha chini cha mshahara kikipanda Mombasa, nani hasa hulipa?

karani_wa_changamwe
Habarini za humu. Kila ikikaribia Mei Mosi maneno ni yale yale, vyama vya wafanyakazi vyataka asilimia yao, waajiri wasema wakiongezewa mzigo watafunga, na sisi mtaani twabishana mpaka usiku. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mishahara ya kampuni ndogo ndogo hapa Mombasa, za usafi, yadi za makontena, maduka mawili matatu, kwa hivo hii kitu napambana nayo kila mwisho wa mwezi. Tuiongee kwa hesabu kidogo.

Namba nitakazotumia ni za tangazo la 2024. Rais Ruto alisema asilimia 6 siku ya Mei Mosi, ikaja kuanza Novemba 1 mwaka huo huo, yani miezi sita watu washapigia makofi pesa ambayo hawajaiona. Kibarua wa kawaida, na humo ndani yumo mfagiaji, yaya, mlinzi wa mchana, tarishi, akiwa Mombasa ni 16,113.75 kwa mwezi. Hio haina pesa ya nyumba. Ukitia asilimia 15 ya nyumba yawa 18,530 na senti zake. Sasa kata: NSSF ya uzeeni 6, SHIF ya matibabu 2.75, hausi levi ya nyumba za sirkali 1.5, jumla asilimia 10.25, yani karibu 1,900. PAYE, kodi ya mshahara, haimgusi maana hajafika 24,000. Aondoka na kama 16,630 mkononi.

Upande wa tajiri, yani mwajiri, nako kuna yake. Yeye atoa NSSF nyengine sawa na ile, 1,111, na levi tena 277, na ile hamsini ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Mtu mmoja amgharimu kama 19,970 kabla hujanunua hata ufagio.

Hapo ndipo penye uzi wangu. Watu hubishana ati kima kikipanda watu watafutwa kazi. Mimi kwenye vitabu ninavyofanya sijaona tajiri amefuta mtu siku gazeti la sirkali limetoka. Nilichoona ni kazi kuhama. Kuna jengo moja la ofisi hapa mjini, mwenyewe alitaka watu kumi wa usafi akaita makontrakta watatu walete bei. Mteja wangu akaandika bei ya kisheria, elfu ishirini kwa kichwa, juu yake sabuni na dawa na sare na faida kidogo. Mwengine akaja na elfu kumi na tano kwa kichwa kila kitu ndani. Kila kitu! Mwenye jengo akasaini na huyo wa kumi na tano. Na wale wafagiaji ni wale wale, walibadilishwa fulana tu Jumatatu, bluu ikawa kijani, na mshahara ukashuka. Hakuna aliefutwa. Ukihesabu ajira utasema hakuna kilichotokea.

Kwa hivo swali langu: kupandisha kima wakati anaelipa sheria ashindwa tenda na asielipa, kwamsaidia nani?

KaziNiKazi
Shukuruni mna kazi. Wengine tuko nyumbani na digrii.

MahamriNaMbaazi
Karani nakuheshimu lakini wewe waandika kama mtu ambae mwisho wa mwezi alipwa, sio alipae. Mimi nina kihoteli Majengo, vijana watano, mmoja wa chapati na mahamri, wawili jikoni, wawili wa kuhudumia na kuosha. Naamka saa tisa usiku. Mafuta ya kupikia yamepanda, unga wa ngano umepanda, gesi usiniulize, na maji nanunua ya mkokoteni siku bomba likikauka, na kwetu bomba kukauka ndio kawaida. Kijana nampa mia sita kwa siku, na ala hapo asubuhi na mchana. Sasa wewe uniambie nimpe 18,530 kila mmoja, niongeze NSSF juu, watano hao ni kama laki moja. Hoteli yenyewe nikitoa gharama mwezi mzuri sibaki na hio. Nitafanya nini? Nitabaki na watatu, na mke wangu aingie jikoni, na yule wa kuosha aende zake. Halafu mutasema kima hakifuti watu.

Na usiniambie nipandishe bei. Mbaazi na mahamri ina bei yake mtaa mzima, nikiongeza shilingi kumi wateja wavuka barabara, jirani yangu kule aajiri watoto wa dadake wala hawalipi kitu.

karani_wa_changamwe
@MahamriNaMbaazi bwana mkubwa, wewe ndie niliekuwa namngoja. Soma tena ulichoandika mwisho. Hujasema kima ni kikubwa, umesema jirani halipi. Kama jirani nae angelipa sawa na wewe, mbaazi zingepanda shilingi kumi mtaa mzima, watu wangenung'unika wiki moja wakaendelea kula. Wewe waumia kwa sababu sheria ikija, yaja kwako peke yako.

Halafu hio mia sita, bila ubaya, ukichukua 16,113 ukagawa kwa siku 26 yatoka karibu 620. Kwa hivo hata wewe uko karibu, na chakula watoa. Kuna matajiri wakubwa wenye magari ya maana walipa mia nne hamsini kwa siku kwenye yadi, jua la mchana, bila glavu.

MahamriNaMbaazi
Karibu lakini sijafika hehehe. Na hio nyumba asilimia 15 ukiongeza nimekuwa mhalifu kabisa.

mchumi_mwanagenzi
Niingie kidogo maana hii ndio mada niliyoandikia insha mwaka jana.

Hoja ya hoteli ndio ile ya darasani: bei ya kitu ikipanda wanunuzi wapungua, na kazi ni kitu kama kitu chengine. Wachumi wengi waliamini hivo mpaka miaka ya tisini. Halafu wakaja David Card na Alan Krueger. New Jersey, Marekani, Aprili 1992 walipandisha kima kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05, na jimbo la jirani Pennsylvania likabaki pale pale. Hawa mabwana wakapigia simu mahoteli ya vyakula vya haraka 410 pande zote mbili za mpaka, kabla na baada. Kwa nadharia ya darasani New Jersey watu wangepungua, hawakupungua. Waliichapisha 1994 na vita ikaanza, akina Neumark na Wascher wakaja na rekodi za mishahara wakasema namba zasema vengine, wakajibizana miaka. Card akaja kupewa Nobeli 2021, Krueger alikuwa ashafariki 2019.

Kwa nini hawakupungua? Maelezo mojawapo ni kwamba tajiri mara nyingi ana nguvu ya kupanga mshahara. Kama sehemu yako kuna waajiri wachache na mtu hana kwengine kwa kwenda, wamlipa chini ya anachozalisha na bado abaki. Ukipandisha kima hapo tajiri bado apata faida, ila ndogo kidogo, na watu hawahami ovyo kwa hivo aokoa gharama ya kufundisha wapya kila mwezi.

Lakini yategemea kimepanda kiasi gani na wapi. Seattle walipofika dola 13, watafiti wa chuo kikuu cha hapo Washington walitoa ripoti 2017 wakasema masaa ya watu wa mshahara wa chini yalipungua kama asilimia 9, yani hujafutwa ila waitwa siku chache. Ujerumani nao walianza kima cha taifa Januari 2015, yuro 8.50 kwa saa, watu wengi walitabiri ajira zitaanguka, hazikuanguka, na iliyoonekana ni watu kuhama kutoka vibiashara vidogo sana kwenda kampuni kubwa zinazozalisha zaidi. Hio ya mwisho MahamriNaMbaazi hataipenda.

MahamriNaMbaazi
Siipendi kweli. Na New Jersey hakuna mama wa viazi karai kando ya barabara asiekuwa na leseni. Musituletee ya huko.

mchumi_mwanagenzi
Hapo wasema kweli mzee. Kenya zaidi ya asilimia 80 ya kazi nje ya shamba dogo ni jua kali, haziko kwenye vitabu vya mtu. Nadharia zote hizo zahesabu watu ambao sheria yawafikia. Ila Brazil waliona kitu cha ajabu, kima kikipanda hata wale wasiokuwa na kadi ya kazi mishahara yao husogea, maana ile namba ishakuwa ndio bei inayotajwa na kila mtu.

binti_kisauni
Hio ya Brazil naiamini. Mimi nina msichana wa kazi, 2022 Uhuru alipotangaza asilimia 12 sikuambiwa na redio, niliambiwa na yeye jikoni lol. Akaniambia mama, sirkali imeongeza. Tukapatana, sikufika kima lakini nilipanda.

Lakini mimi nina la kwangu. Novemba 2024 landilodi alituandikia kwenye grupu ya ploti, kodi yaongezeka mia tano kuanzia Januari "kufuatia hali ya uchumi na nyongeza za mishahara". Ploti nzima ina watu wangapi wameongezwa mshahara? Jirani mmoja auza samaki, mmoja tuktuk, mmoja hana kazi. Kwa hivo nyongeza ya mtu mmoja alieajiriwa yaliwa na ploti nzima. Hii ndio maana watu wasema afadhali wasiongeze.

landilodi_bombolulu
Sisi malandilodi twasingiziwa kila kitu. Maji ya bowza ni pesa, fundi ni pesa, mkopo wa benki riba ilipanda. Mimi mlinzi wangu na mfagiaji wa ngazi nawalipa, wao wakipanda nitoe wapi? Kodi ndio mahali pekee.

karani_wa_changamwe
@landilodi_bombolulu ploti ya vyumba ishirini na mlinzi mmoja. Asilimia 6 ya mshahara wake ni 912 kwa mwezi. Gawa kwa vyumba ishirini ni shilingi 46. Wewe waongeza mia tano.

@binti_kisauni hii hoja ya mshahara kupandisha bei hebu tuitazame vizuri maana ndio inayotumiwa sana. Mei 2018 kima cha kibarua wa Mombasa kilikuwa 13,572.90. Kikakaa hivo hivo miaka minne, korona ikaja ikapita, mpaka 2022 kikawa 15,201.65, halafu 16,113.75. Kutoka 2018 mpaka 2024 ni asilimia 18.7 jumla. Bei za vitu muda huo huo, kwa hesabu za KNBS, shirika la takwimu, zimepanda zaidi ya thuluthi. Kwa hivo kama mshahara ndio unaosukuma bei, mbona bei zaongoza kila mara na mshahara ufuata nyuma ukihema? Yule mfagiaji wa kima cha 2024, kwa nyongeza zote hizo mbili, anunua kidogo kuliko wa 2018. Na makato yameongezeka katikati, hausi levi haikuwepo, NSSF ilikuwa mia mbili tu.

landilodi_bombolulu
Haya mimi ni mbaya. Endeleeni.

cherehani_laini4
Nimesoma kimya lakini niseme ya EPZ, vile viwanda vya kuuza nje, maana naona mwaongea wafagiaji na hoteli tu. Mimi nimeshona kiwanda kimoja huku Jomvu miaka, nashona mfuko wa nyuma wa suruali ya jinzi. Mfuko tu, siku nzima, bando laja nafungua nashona nafunga napeleka mbele. Juu ya laini kuna ubao, kila saa supavaiza aandika tageti na mulichotoa. Kima kilipoongezwa 2022 tulifurahi, wiki ya pili yake yule dada wa kupima na saa akaja akasimama nyuma yetu, akapima, akaandika, akaenda. Baada ya hapo namba kwenye ubao ikapanda. Hakuna alieambiwa ni kwa sababu ya mshahara. Ila mfuko ule ule, mashine ile ile, na kwenda chooni sasa waomba tiketi na uko nyuma ya tageti.

Na ovataimu ambayo ndio tulikuwa twailipia shule ikakatwa, usipomaliza tageti wabaki kumaliza ila haihesabiwi ovataimu, yahesabiwa uzembe wako.

Kwa hivo karani kwenye karatasi yako utaona mshahara umepanda na watu hawajapungua. Kweli. Lakini asilimia 12 tuliilipia wenyewe kwa migongo.

mchumi_mwanagenzi
Dadangu hio uliyoandika ni bora kuliko insha yangu. Kitaalamu wasema tajiri hurekebisha mahali pengine, kasi, masaa, marupurupu, mafunzo. Hesabu ya ajira peke yake haiwezi kuiona.

Ila tuwatendee haki kidogo hata wenye viwanda. Nguo zile zauzwa Marekani kwa bei iliyopangwa na mnunuzi, na mnunuzi alinganisha Mombasa na Bangladesh na Ethiopia. AGOA ya mwaka 2000, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ndio iliyowaleta, muda wake ulipoisha Septemba 2025 kila mtu aliona vile walivyoshikwa na wasiwasi. Hoteli ya Majengo yaweza kupandisha mbaazi, kiwanda cha kuuza nje hakiwezi kupandisha jinzi. Hapo hofu ya kufunga sio uongo wote.

cherehani_laini4
Sijasema wafunge. Nasema saa ya kupima ije na mtu wetu akiwepo. Chama kipo lakini mwakilishi wetu ni supavaiza mwenyewe sasa utaongea na nani.

soja_wa_nyali
Salaam. Sisi masoja mwatusahau. Mwanzo wa 2024 ile mamlaka ya walinzi PSRA ikasema kima chetu kiwe 30,000. Tulirukaruka. Makampuni wakaenda kortini, korti ikasimamisha, na tukarudi kulekule. Mimi nafanya geti moja huku Nyali, masaa kumi na mbili, siku sita na mara nyingi saba. Mwenye nyumba mwanamke mwema sana aliniuliza siku moja kampuni yakupa ngapi, nikamwambia, akashika mdomo, kumbe yeye alipa kampuni zaidi ya mara mbili ya ninachopata. Kwa hivo mimi nauliza, ile 30,000 ilikuwa haiwezekani au ilikuwa iko pale pale ila katikati kuna mtu?

karani_wa_changamwe
Yategemea na kampuni @soja_wa_nyali. Kuna ambazo kweli mteja alipa pesa ya kutosha na yaishia ofisini. Na kuna ambazo mteja mwenyewe alipa bei ambayo hata malaika hawezi kutoa mshahara halali ndani yake. Geti la masaa 24 lahitaji watu wawili wa kumi na mbili kumi na mbili, na wa tatu wa kuwapumzisha siku ya off. Hio ni zaidi ya mishahara miwili ya kisheria, na mlinzi wa usiku kima chake kiko juu kidogo ya kibarua wa kawaida. Kwa hivo nionyeshe invoisi tu, sihitaji kuja getini. Kama invoisi ya geti ni elfu thelathini na tano, hapo hakuna haja ya mkaguzi, hesabu ishajibu kwamba sheria imevunjwa na mwenye kulipa ajua, au hataki kujua.

Na hapa ndio pendekezo langu, muniambie kama ni ujinga. Badala ya kutuma wakaguzi wachache wa leba wazunguke mahoteli ya akina MahamriNaMbaazi, waanze na mikataba ya wateja wakubwa. Majengo ya ofisi, mabenki, hospitali, na ofisi za sirkali zenyewe, zote za kaunti na za Nairobi. Tenda yoyote ya usafi au ulinzi ambayo bei kwa kichwa iko chini ya kima na makato yake, itupwe nje kabla ya kufunguliwa. Hio haihitaji sheria mpya kubwa. Nusu ya ulaghai wa mji huu umeandikwa kwenye invoisi na kupigwa muhuri.

binti_kisauni
Ofisi za sirkali wajikague? Karani umeamkaje leo 😂

mzee_makadara
Vijana wangu asalam aleikum. Nimependa mazungumzo lakini hamna alietaja kwamba mji huu ndio ulioanza haya mambo. Babangu alikuwa bandarini. Januari 1947 Mombasa ilisimama, bandari, reli, mahoteli, mpaka watumishi wa majumbani mwa wazungu, kama watu 15,000 hivi. Walikuwa wakikutana kwenye uwanja wakaupa jina Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo likazaliwa shirikisho la wafanyakazi Waafrika na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Sirkali ikaunda baraza la kuangalia mishahara, ikaongezwa, na Agosti mwaka huo huo Kibachia akakamatwa akapelekwa kuzuiliwa Baringo.

Sasa sikizeni kwa nini nawaambia. Mshahara wa zamani wa mkoloni ulikuwa wa mtu asie na mke. Walipiga hesabu ya mwanamume mmoja, kitanda kimoja, unga wake, basi. Mke na watoto walidhaniwa wako bara walima, shamba litawalisha. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ikasema wazi mshahara huo ni wa kapera na lazima uwe wa kumtosha mtu na familia.

Tazameni kima cha tangazo la 2024. Mombasa, Nairobi, Kisumu, Nakuru ni 16,113. Miji iliyokuwa manispaa zamani kama Malindi ni elfu kumi na nne mia nane na kitu. Kwengine kote ni 8,596. Nusu! Kwa nini nusu? Kwa sababu bado kuna mtu ofisini adhani ukiwa nje ya jiji una shamba. Hesabu ya kapera haijafa, imehamishiwa mashambani tu.

binti_kisauni
Subiri mzee. Kwa hivo mtu wa Shanzu na mtu wa Mtwapa??

mzee_makadara
Ndio nilikotaka ufike mwanangu. Mtwapa haikuwa manispaa. Shanzu ni Mombasa, vuka daraja ni Kilifi. Mfagiaji wa upande huu kwa sheria 16,113, wa upande wa pili 8,596. Na kodi ya chumba Mtwapa nani humu ataniambia ni nusu ya Shanzu?

binti_kisauni
Mtwapa ni ghali kuliko Shanzu saa zengine wallahi.

mchumi_mwanagenzi
Mzee hii ni kubwa kuliko unavyodhani. Card na Krueger walihitaji mpaka wa majimbo mawili, tofauti ya senti 80 kwa dola nne, wakaandika historia. Sisi tuna daraja lenye tofauti ya karibu mara mbili, watu wavuka kwa matatu ya dakika kumi, na sijamuona mtafiti amesimama pale na karatasi. Kusini vile vile, Likoni ni Mombasa, ukishapita ukaingia Kwale ni kima chengine, na Diani kule hoteli za kitalii.

karani_wa_changamwe
Hoteli kubwa za Diani wengi wako kwenye mapatano ya KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa mahoteli, na chama cha wenye mahoteli, wale hawaangalii kima cha gazeti. Anaeumia ni wa nyumba za kukodisha na vilabu vidogo na magodauni.

Na nitawapa siri ya ofisini. Kuna tajiri mmoja alihamisha godauni lake kutoka upande wa Mombasa akalipeleka Kilifi, mita chache tu kutoka barabara ile ile. Nilimuuliza ni ardhi? Akaniambia ardhi ni ghali vile vile, "ni watu". Kwa hivo ukinambia kima hakiathiri waajiri nitakataa. Chawaathiri, chawafanya wapige hesabu ya ramani.

mtanga_raha
Niko Tanga huku ndugu zangu, nawasoma kila siku. Kwetu sekta binafsi kima kilitangazwa kupanda kuanzia Januari 2026, kutoka 275,060 hadi 358,322 za kwetu, na kila sekta ina kima chake, wa majumbani mbali, wa migodi mbali. Watumishi wa serikali 2025 walipandishiwa kutoka laki tatu na sabini hadi laki tano. Kelele za matajiri ni zile zile za kwenu. Ila mimi fundi makenika, gereji ya mtaani, hakuna aliyekuja kuniuliza chochote 😀

KaziNiKazi
Mimi bado swali langu halijajibiwa. Mwaongea ya walio ndani. Kima kikipanda mimi wa nje ndio mlango wafungwa zaidi.

mchumi_mwanagenzi
Ni swali la haki na samahani tulilipita. Kwa kijana asie na uzoefu ndio hatari iko juu, hapo hata watafiti wanaounga mkono kima huwa waangalifu, na baadhi ya nchi kama Uingereza walipoanza kima chao Aprili 1999 waliweka kiwango cha chini zaidi kwa vijana. Binafsi siipendi kwa hapa, tajiri wa hapa ataajiri vijana watupu na kuwatoa wakitimiza umri. Lakini angalia na lile la jengo la karani, watu kumi walibaki kumi kwa mshahara wa chini, hakukuwa na nafasi ya kumi na moja iliyofunguka kwako kwa sababu ya bei kushuka.

MahamriNaMbaazi
Mimi nasema hivi na nafunga duka nilale, saa tisa yaningoja. Nipeni jirani anaelipa, nitalipa. Wakaguzi waje mtaa mzima siku moja, sio waje kwangu kwa sababu nina bango. Na hio hesabu ya invoisi ya karani naiunga mkono kwa sababu hainigusi hehehe.

soja_wa_nyali
@karani_wa_changamwe swali la mwisho kabla simu izime. Mtu akitaka kwenda leba kwa kulipwa chini ya kima, abebe nini? Sisi hatuna slipu, twatumiwa mpesa tu.

karani_wa_changamwe
Hio mpesa ndio slipu yako. Omba taarifa ya mwaka mzima, tarehe na kiasi na jina la aliekutumia vyatosha kuanzia. Ongeza picha za daftari la kusaini zamu, na angalia NSSF yako mtandaoni kama walikuwa wakikupeleka na kwa mshahara gani, maana wengine hukata na hawapeleki. Mkataba wa maandishi kama hukupewa usihofu, sheria ya ajira ya 2007 yamtaka mwajiri ndie aweke rekodi, na akishindwa kuzileta yeye ndie athibitishe ulichosema si kweli. Na kama ulisaini karatasi ya kukubali pesa chini ya kima, hio karatasi haina nguvu. Wakikwambia wewe ni wa siku kwa siku na umefanya mwezi mzima mfululizo, kifungu cha 37 chakutambua kama wa mwezi.

Usikae sana tu. Madai ya mkataba wa kazi yana miaka mitatu, na kama ni kitu cha kuendelea kila mwezi na umeshaacha kazi, hesabu miezi kumi na mbili tangu kilipoisha.

soja_wa_nyali
Shukran. Tuko sita geti hili na lile la pili, nitawaambia waanze kuomba taarifa zao.